Indiketa ya Kulia ya Mtu Mwenye Msimamo

Jumatatu, 3 Machi

Nimeaibishwa njia panda. Mchana kweupe, mbele ya watu.

Nilikuwa nateremka kutoka benki, nakaribia kukata kulia kwenye kona ya duka la samani. Nilionyesha mapema, kama ninavyowahimiza wengine. Mara honi nyuma yangu. Gari la shule ya udereva likanisogelea ubavuni na jirani yangu Gia Mbili akateremsha kioo. Huyu ndiye mwenye shule. Jina hilo kapewa na wanafunzi wake, kwa sababu hamruhusu mtu kuvuka gia ya pili mpaka aote mvi. Akaniarifu kwa upole kwamba taa yangu ya kulia ya nyuma haiwaki. Upole huo ndio ulionichoma. Akaongeza, "Nimeona nikwambie mimi, jirani, kabla hujaambiwa na mtu aliyesoma kitabu chako."

Wanafunzi wake wawili kiti cha nyuma wakacheka mpaka wakafunika nyuso.

Kitabu changu! Kona Bila Aibu: Shutuma kwa Taifa la Madereva Wasioonyesha Wanakokwenda. Nimekiandika mimi, nimekichapisha mimi. Ndani yake Gia Mbili hatajwi kwa jina. Ametajwa tu kama "mfugaji wa ajali mwenye geti la kijani mtaa wetu." Yeye kajibu kwa kubandika maandishi nyuma ya gari lake: MIMI HUONYESHA. Hicho ndicho kiwango cha mjadala katika nchi hii.

Sikushuka kutazama. Mtu mwenye msimamo hashukishwi njia panda. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani, nikapandisha gari kwenye mwinuko wa uwanja wetu, nikaliacha limeinua pua kama siku zote. Nikawasha indiketa ya kulia. Nikazunguka nyuma. Inawaka vizuri kabisa. Tiki, tiki, tiki, kwa mwendo wa mtu aliyekula akashiba.

Uzushi mtupu, basi.

Binti yangu hakukubali. Anasema hata yeye amesikia. Ukikaribia kona ya kulia, ile tiki inaanza kukimbia, na kitabu cha mafunzo ya udereva kinasema ikikimbia ujue kuna balbu haipati umeme. Nilimwambia asiamini kila kitu kilichochapishwa. Akanitazama kwa muda mrefu.

Yeye ana haki ya kuwa na wasiwasi kidogo. Ijumaa ana mtihani wa leseni. Kampuni moja ya dawa imemwahidi kazi ya kusambaza dawa kwenye zahanati, sharti awe na leseni Jumatatu asubuhi. Akikosa Ijumaa, foleni ya mtihani ni mpaka baada ya mvua, na kazi atapewa mwingine. Atafanya kwa gari langu. Alikuwa akijifunza kwa Gia Mbili, nikamtoa kitabu kilipotoka. Haiwezekani baba akamshutumu mtu ukurasa wa saba halafu mtoto akakaa kwenye usukani wake.

Jambo moja la faraja. Katoni za kitabu zilizokuwa zikigongana kwenye buti zimetulia. Jumamosi nilizifunga kwa kamba ya katani. Baada ya kupapasa nyuma ya zulia la buti, upande wa kulia, nilipata mahali pazuri sana pa kufungia: kitu cheusi, kinene, kimejikunja kama mshikio wa ndoo. Waundaji wa zamani walimfikiria mteja.


Jumanne, 4 Machi

Gereji. Si kwa sababu ya Gia Mbili. Kwa ajili ya amani ya binti.

Kabla ya kwenda nilifungua kamba na kushusha katoni zote, nikazipanga barazani chini ya shuka. Safari iliyopita fundi umeme aliniuliza kama zile ni katoni zilezile za mwaka jana. Nilimjibu ni toleo jipya. Akasema mbona vumbi ni la zamani. Sitampa nafasi hiyo tena.

Fundi umeme ni mtu mnene, mtaratibu, anayezungumza na magari zaidi ya watu. Akawasha kulia: sawa. Kushoto: sawa. Zote kwa pamoja: sawa. Akatoa balbu, akaipuliza, akairudisha. Akatazama fyuzi. Akatikisa taa kwa kiganja kama anayebembeleza mtoto alale. Kila kitu sawa. Akasema gari langu ni kama yule mgonjwa anayepona akifika mlangoni kwa daktari, nilirudishe likiwa linaumwa.

Nikamweleza kwa utulivu kwamba nimesoma. Chanzo ni flasha, kile kidude kidogo kinachoipa taa mapigo yake. Akasema flasha ni nzima, si unaisikia? Nikamwambia kusikia si ushahidi. Akaendelea na pikipiki ya mtu mwingine. Nimezoea. Hoja ikiwashinda hugeukia pikipiki.

Nilinunua flasha mpya, nikaiweka mwenyewe chini ya dashibodi, kichwa chini miguu juu, mke wangu akinishikia tochi. Mke wangu ni mkunga. Ana subira ya kazi yake: anaamini mambo mengi yakiachwa hutoka yenyewe. Aliniuliza kama ile ya zamani ilikuwa imeharibika. Nikamwambia swali si hilo. Akaniuliza swali ni lipi. Tochi ikazima.

Jioni nikarudisha katoni, nikafunga kamba palepale, nikakaza zaidi. Nikampeleka mama mkwe kwa rafiki yake, kama jaribio. Mama mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi. Alikuja kwetu kupumzika wiki moja, na bado hajapumzika vya kutosha. Hukaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, mgongo umenyooka, kana kwamba gari zima ni darasa la nne.

Kwenye mteremko nikaonyesha kulia. Tiki, tiki. Nikakanyaga breki. Tikitikitikitiki!

Mama mkwe akasema, "Baba, gari lako likiona kona linashikwa na kiherehere."

Halafu akasema kuna kitu nyuma ya mgongo wake kinasogea kila ninaposimama. Nikamwambia ni barabara mbovu. Mtu ana flasha mpya kabisa, na bado analetewa malalamiko ya mgongo.


Jumatano, 5 Machi

Nimepata njia ya kisayansi. Sihitaji jicho la mtu wa nyuma mwenye husuda.

Duka la samani pale konani lina kioo kirefu kama ukuta. Dereva akipita mbele yake anajiona mwenyewe, gari zima, mbele na nyuma. Nilipita asubuhi nikiteremka, indiketa ya kulia imewashwa, shingo nimeigeuza. Naona taa: inawaka, inawaka. Nakanyaga breki: imetoweka! Taa ya mbele inapepesa peke yake, mbiombio. Ile ya nyuma, giza.

Nikazunguka mtaa nikapita tena. Vilevile. Na tena. Safari moja nilijiona vizuri mno nikapanda ukingo wa barabara, nikasimama shubiri moja kutoka kwenye kabati la vyombo lililotolewa nje kuuzwa.

Mwenye duka akatoka. Alikuwa amenitazama nikipita na kupita, akafikia uamuzi wake. Akasema kwa sauti ya kunong'oneza kwamba nisione haya, watu wengi huanza kwa kulizunguka, nije tu nilikalie. Alimaanisha kochi la kijani lililokuwa dirishani. Nililikalia. Ningefanya nini? Nikamweleza nadharia nikiwa nimezama humo mpaka kiunoni. Alisikiliza vizuri sana. Mwisho akauliza kama na mama wa nyumbani anapenda kijani.

Nadharia yenyewe ni hii: breki inakula umeme wa indiketa. Taa za breki zina tamaa. Zikiwaka, jirani yake anakufa njaa. Ni picha kamili ya jamii yetu, na nimeandika kurasa kadhaa juu yake kabla ya chakula cha mchana.

Kisha gereji. Katoni nimeshusha kwanza, bila shaka.

Fundi akakanyaga breki, akawasha kulia, akaniita nyuma nijionee. Zote zinawaka, taa ya breki na indiketa, bega kwa bega, kama ndugu wanaopendana. Nikakanyaga mimi. Zinawaka. Nikakanyaga kwa hasira. Zinawaka. Fundi akasema umeme si uji, kwamba huyu akinywa yule atakosa.

Halafu akafuta mikono, akanitazama. Akaniuliza, "Mzee, ukija hapa kuna kitu huwa unakitoa garini?"

Nikasema hakuna.

Akauliza tena, mzigo labda, spika, chochote. Nikamwambia gari langu analiona kama lilivyo. Akasema basi hajui, na mtu akisema hajui mbele yako hakuna haja ya kubishana naye.

Sasa naona picha yote. Gia Mbili huleta magari yake kwa fundi huyuhuyu. Wanakunywa chai pamoja, nimewaona kwa macho yangu. Gari langu linazima mbele ya Gia Mbili na linawaka mbele ya fundi. Hiyo ni njama, ila bado sijaelewa waya wake umepita wapi.


Alhamisi, 6 Machi

Kama taa inazimika ukikanyaga breki, dawa ni kutokanyaga breki. Nashangaa hakuna aliyefikiri hivyo kabla yangu.

Asubuhi nilimfundisha binti mbinu mpya. Kwenye kona ya kulia anaachia pedali ya mafuta mapema, anashusha gia, gari linapungua lenyewe, mguu wa breki umetulia kama mgeni. Ni uendeshaji wa hali ya juu. Binti akasema mtahini atadhani hajui breki iko wapi. Nikamwambia atadhani amekutana na msanii.

Tulijaribu. Kona ya kwanza ilikwenda vizuri kwa sababu ilikuwa ya kushoto. Ya pili tuliingia kwa mwendo ambao mama mkwe, kiti cha nyuma, aliacha kupumua. Kofia yake ilihamia upande wa pili wa gari bila yeye. Ya tatu ilikuwa geti letu. Geti halijafa ila halifungiki tena.

Mke wangu alitoka, akalitazama geti, akaingia ndani. Akatoka tena na kamba ya nguo akalifunga.

Mchana Gia Mbili akaja. Alibisha hodi kwenye geti ambalo lingeweza kumwangukia. Hakuja kwa shari, lazima niandike ukweli, ingawa ukweli huo haunisaidii. Alisema amesikia kishindo. Alisema binti yangu ni dereva mzuri kuliko wengi aliowafundisha, na kwamba kesho atakuwa kwenye uwanja wa mtihani na wanafunzi wake, gari lake liko tayari. "La kitabu tuliweke kando," alisema. "Mtihani ni wa mtoto."

Nilimjibu kwamba la kitabu haliwekwi kando. Mtu hawezi kuweka kando ukurasa wa saba akabaki na kitabu. Nikamshukuru kwa kuja. Aliondoka akiinua geti kidogo ili apite.

Ndani nilikuta mahakama. Mke wangu alisema msimamo wangu hauna leseni, na hauwezi kuendesha gari la dawa. Mama mkwe alinikabidhi nakala ya Kona Bila Aibu niliyompa kama zawadi alipofika. Ameisahihisha yote. Kalamu nyekundu! Mkato umewekwa, mkato umeondolewa, aya nzima imezungushiwa duara na pembeni kaandika: Umeshasema. Chini ya ukurasa wa mwisho kanipa alama, ambazo sitazitaja.

Binti alikuwa anaosha vyombo, kanipa mgongo. Akasema bila kugeuka, "Baba, kazi hii naitaka. Wewe unataka kumshinda Gia Mbili. Kesho ni siku ya nani?"

Nilimwambia ni siku yake. Nikamwahidi gari litakuwa safi, ndani na nje, buti tupu kama anavyotaka, maana zile katoni zikigonga zinamtoa akili. Nimeshazishusha tayari. Ziko barazani. Nimezipa kisogo.


Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwa mkono uliotulia. Mambo hayakwenda kama yalivyopangwa, lakini yalikuwa yamepangwa vizuri.

Asubuhi, binti akiwa anavaa viatu, nilipita barazani nikaziona katoni. Nikafikiri. Uwanja wa mtihani. Madereva wa kesho, wengi, wamekaa kwenye benchi hawana la kusoma! Mwandishi gani amewahi kupewa hadhira ya namna hiyo, iliyokusanywa na serikali yenyewe? Na mtahini naye, mtu wa sheria, je, asingefurahi kukuta baba wa mtahiniwa ni mtaalamu? Nilizipakia upesi, nikafunga kamba mahali pake, mara mbili, nikafunika kwa turubai. Sikumwambia binti. Mtu akienda mtihanini hapewi mambo mengi ya kufikiri.

Mama mkwe alitaka kuja. Mke wangu alikuwa zamu.

Uwanja ni tambarare, umechorwa mistari, una kioski cha soda na mti mmoja uliokauka. Mtahini ni mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni. Alizunguka gari: taa kubwa, sawa. Breki, sawa. Kushoto, sawa. Kulia, sawa. Nilimtupia Gia Mbili jicho. Alikuwa benchini kati ya wanafunzi wake, anakula karanga.

Binti akaondoka, mtahini kando yake. Uzuri wa yule mtoto kwenye usukani! Mgongo wa bibi yake, mikono ya mama yake. Kona ya kushoto kama maji. Akarudi nyuma kati ya magogo bila kugusa hata moja. Kisha mstari mnyoofu, mrefu, na mwisho wake kona ya kulia. Pale konani alisimama msaidizi mwenye kibendera.

Binti akaonyesha mapema. Taa ikawaka. Akakanyaga breki, kama mtu mwenye akili zake, si kama nilivyomfundisha. Taa ikazima. Kibendera kikapanda juu.

Filimbi.

Mtahini akateremka na kutembea kuja kwangu. Akasema gari halifai kwa mtihani. Nikaanza kumweleza juu ya flasha, na breki zenye tamaa, na ukurasa wa saba. Akasema kosa si la mtahiniwa, kwa hiyo hamwandikii kuanguka. Akipata gari jingine kabla hajafunga kazi, ataanza upya. Asipopata, foleni. Halafu akaenda kununua soda.

Binti hakulia wala hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja benchini kwa Gia Mbili na kusimama mbele yake. Nilikuwa karibu, nilisikia. Gia Mbili alikung'uta maganda ya karanga kwenye suruali, akasema, "Gari ni lako, mwanangu. Lakini aliyekutoa kwangu ni baba yako. Mimi siwezi kukuchukua kana kwamba baba hayupo. Aseme yeye."

Benchi zima likageuka kunitazama.

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa nayo yamepangwa, moja kali kuliko jingine, na lile la mwisho lingemfanya auze shule. Nikafungua kinywa. Nikamwona binti ameshika ile namba yake ya mtihani kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu cha kuazima.

Nikasema, "Jirani, msaidie mtoto."

Gia Mbili hakutabasamu. Angetabasamu ningejua la kufanya. Alitoa tu ufunguo mfukoni na kumpa binti, kisha akasogea kwenye benchi, akapapasa nafasi kando yake. Nikakaa. Akanipa karanga. Nikala. Karanga zilikuwa nzuri, jambo ambalo sikulitarajia.

Binti amepita. Mtahini alimpa mkono!

Ningeishia hapo, lakini kuna la ziada. Wakati binti yuko kwenye kona, mama mkwe alishikwa na joto. Akaenda kwenye gari langu, akafungua buti, akafunua turubai kutafuta kitu cha kujipepea. Akapata vingi. Akajipepea kwa Kona Bila Aibu, huku anatazama. Nilimsikia akiniita, kwa ile sauti ya gwaride la asubuhi.

Kamba yangu ilikuwa imefungwa kwenye waya. Yaani kile kitu cheusi chenye mshikio. Si mshikio. Ni fungu la waya zinazokwenda kwenye taa ya kulia, zimevishwa mpira. Mama mkwe akazisukuma katoni mbele: kamba ikavuta, mpira ukanyooka. Akaziburuta nyuma: ukalegea. Akamwita binti, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari la Gia Mbili, awashe indiketa. Bibi akavuta, taa ikazima. Akaachia, taa ikawaka. Akafanya hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Benchi zima lilikuwa limekuja kutazama.

Gari likifunga breki, katoni zinakwenda mbele. Likipanda mlima au likiegeshwa uwanjani kwetu, zinarudi nyuma. Na gereji hazikuwapo. Sawa. Nimeelewa. Hakukuwa na haja ya kunieleza tena njia nzima ya kurudi nyumbani.

Binti alisema jambo moja tu. "Uliniahidi buti tupu." Nilimwambia ndiyo. Alifungua kioo, akaweka kiwiko nje, akaendesha mpaka nyumbani.


Jumamosi, 8 Machi

Gereji tena, na katoni ndani. Amri ya mke wangu.

Fundi umeme alitazama kamba. Akatazama waya. Akanitazama mimi. Kisha akaenda nyuma ya gereji, na tulimsikia akicheka huko kwa muda, peke yake, kwa heshima. Aliporudi alichana ule mpira na kunionyesha waya mmoja uliokatika ndani kwa ndani, ncha mbili zinazogusana zikilegezwa na kuachana zikivutwa. Akaunga, akafunika vizuri, akavuta kuhakikisha. Nilimuuliza kama haoni ni kosa la waundaji kutengeneza waya unaofanana na mshikio. Akasema hajawahi kupata malalamiko hayo. Nikamwambia ndiyo kwanza anayapata.

Nyumbani pakafanyika mkutano kuhusu katoni. Mke wangu hazitaki ndani. Mama mkwe alisema kitabu kikipunguzwa kwa kiasi alichokizungushia duara, kinabaki kijikaratasi kizuri cha kufundishia wanaoanza. Gia Mbili, aliyekuja kurekebisha geti na drili yake mwenyewe, akasema angechukua katoni moja kwa ajili ya wanafunzi, ikiwa na yale masahihisho mekundu. Na ukurasa wa saba? Alisema ukurasa wa saba anaupenda, unamfanya ajulikane.

Nikampa katoni moja. Amesalimu amri, naona. Mtu anayesambaza shutuma dhidi yake mwenyewe ameishiwa hoja kabisa.

Binti ana leseni mkononi. Ameiweka mezani karibu na sahani yake, anaitazama kati ya tonge na tonge. Alinimiminia chai bila kuombwa. Sijui kama nimesamehewa au ni chai tu. Nilikunywa yote.


Jumatatu, 10 Machi

Binti ameanza kazi leo. Gari la kampuni lilikuja kumchukua, jeupe, lenye msalaba mlangoni. Walimpa usukani palepale getini. Akaonyesha, akatazama kioo, akaingia barabarani. Mama yake alisimama na kanga ya usingizi mpaka gari lilipopotea. Mimi nilikuwa na vumbi jichoni.

Baadaye nilikwenda mjini kwa shughuli zangu. Katoni zilizobaki nimezirudisha kwenye buti kwa muda tu, mpaka zipate wasomaji. Sikuzifunga upande wa kulia. Mimi si mtu wa kurudia kosa. Nilipapasa nyuma ya zulia upande wa kushoto, na nikakuta waundaji wameweka pale mahali pengine pa kufungia, pacha kabisa wa pale pa kwanza, imara, peusi, pamejikunja vizuri. Hili hakuna aliyelitaja, wala mama mkwe Ijumaa wala fundi Jumamosi. Nimetumia kamba mpya ya nailoni. Katoni zimetulia kama wajukuu walioshiba.

Wakati wa kurudi, pale mteremkoni kwenye duka la samani, nilikuwa nakata kushoto kupitia posta. Honi nyuma. Gia Mbili tena! Akatoa mkono dirishani, ananyooshea kidole upande wangu wa kushoto, anafumba na kufumbua ngumi yake kama taa, kisha anaitikisa kuashiria hapana.

Nilidhani tumemaliza. Nimekula karanga zake, nimempa kitabu changu, na bado mtu huyu hawezi kukaa wiki bila kunizulia. Nimeshaanza kuandika kijitabu cha pili, na safari hii nitamtaja kwa jina.

Sikushuka njia panda. Nilikuja moja kwa moja nyumbani, nikapandisha gari kwenye mwinuko, nikawasha indiketa ya kushoto na kuzunguka nyuma kutazama mwenyewe.

Inawaka vizuri kabisa.